Nilipopanda chukudu tena

Maneno haya yalisemwa na mwanachama mwenzetu katika mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka 2021, hapa Goma. Tumeyaandika namna alivyoyasema. Maombi yake matatu yatapigiwa kura katika mkutano unaokuja, kwa hiyo kila mmoja ayasome vizuri.



Komite iliniomba niseme juu ya kazi niliyoipata nyuma ya kurudi. Walinipa dakika ishirini. Walifikiri nitawaambia namna mkopo wa chama ulivyonisaidia, mupige makofi, kiisha tukakule. Mkopo ulinisaidia kweli. Lakini kuko jambo moja nililolificha hii komite tangu miaka miwili, na leo nitalisema. Mwenyekiti, usikasirike mbele ya kusikia mwisho.

Nitaanza na wageni, juu wengine hawajaona chukudu karibu. Wameona tu ile sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point. Chukudu ni ubao mrefu wa mti mgumu, mara nyingi mkaratusi, wenye magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa gari la zamani. Ndani ya gurudumu kuna rulema. Mbele kuna usukani wa mti. Juu ya ubao tunapigilia kipande cha kambambili, pale goti linapokaa, juu bila ile ngozi ya goti inaisha. Nyuma kuna kipande cha mpira unachokanyaga na mguu ili gurudumu lisimame. Hiyo njo freni yetu, na ni moja tu. Chukudu kubwa inabeba kilo 300, hata 500 na kupita, na mtu anayeiongoza hana hata kilo 70. Haikunywi mafuta. Kupanda mlima unaisukuma, kushuka yenyewe ndiyo inakusukuma.

Mimi nilizaliwa Kibumba. Nilianza chukudu nikiwa na miaka 13, pamoja na mjomba wangu. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa kwetu, maji yalikuwa shida kubwa, na mtoto mwenye chukudu na mabidon alikuwa mtu wa maana. Nilipofika miaka 20 nilikuwa ninashuka na viazi, mashu, karoti na makala, Kibumba mpaka soko la Virunga, saa kumi ya usiku, bila taa. Tulikuwa tunashuka kumi, kumi na wawili, mmoja nyuma ya mwingine, na wa mbele anapiga kelele kama kuna shimo. Ninawaambia kweli, sikuwa na woga. Nilikuwa ninalala na kusikia ile sauti ya magurudumu ndani ya kichwa.

Mwezi wa kumi mwaka 2008 vita vikafika Kibumba. Siku ile nilikuwa nimeshapakia mashu. Niliyamwaga pembeni ya njia, nikaweka juu mama yangu, mtoto na sufuria, tukashuka mpaka Kibati. Pale kambini niliuza chukudu kwa unga. Mwaka uliofuata tukaenda Uganda, kambi ya Kyangwali, upande wa Ziwa Albert. Walitupatia kipande cha shamba. Kwa miaka tisa nililima mahindi na maharagwe. Sikugusa chukudu. Huko sikuona chukudu, na hata zingekuwako, mkimbizi hana mzigo wa kupeleka sokoni kila siku.

Kitu kimoja nilikiona huko, nitakitumia mbele kidogo. Mwaka 2014 nilienda Kampala kumsindikiza shemeji hospitalini. Tulilala kwa watu wetu, mtaa wa Kitintale. Huko kuna uwanja wa zege wenye vilima na mashimo, na vijana wanapanda juu ya ubao mdogo wenye magurudumu manne. Wanauita skeitibodi. Nilisimama pale saa nzima kama mtoto. Nilijisemea, hii ni ndugu ya chukudu, imekosa tu mashu. Siku ile kulikuwa na mtu mzima mmoja, ana ndevu, alikuwa anajaribu tena. Vijana waliniambia aliacha miaka mingi, akaoa, akapata kazi, sasa amerudi. Na wale vijana hawakumfundisha kwenda. Walimfundisha kuanguka! Anaenda mita mbili, anaachilia ubao, anajikunja, anabiringika na bega. Tena. Tena. Mimi nilicheka. Nikasema, huyu muzee analipa nini ili aanguke?

Tulirudi mwaka 2018. Kibumba shamba la baba lilikuwa na watu wengine, na kesi ya shamba munaijua, inakula miaka. Tukabaki Majengo, nyumba ya mbao. Nilifanya kazi ya kuvunja makoro kwa ajili ya wajenzi. Mwaka 2019 nikaingia katika chama hiki, na sanduku likanikopesha dolari 120. Nilinunua chukudu ya mkono wa pili kwa dolari 60, kamba na mpira mpya kwa dolari 10, na dolari 50 ikabaki ya kununulia bidhaa. Nilipoifikisha nyumbani, bibi yangu aliitazama, kiisha akanitazama mimi.

Akasema: «Papa Neema, weye ulishaka kuwa na miaka 39. Hii kitu iko ya batoto.»

Nikamjibu: «Mwili haisahau.»

Ndugu zangu, mwili unasahau. Kichwa njo hakisahau, na hapo ndipo hatari inapotoka. Kichwa changu kilikumbuka kila kona, kila fasi ya kuinama. Nilipoweka goti la kushoto juu ya kambambili na kusukuma na mguu wa kulia, mara ya kwanza nilienda vizuri, watoto wa mtaa wakapiga kelele. Mara ya ishirini kiuno kilikataa. Mara ya thelathini mguu wa kusukuma ulikuwa unatetemeka kama wa mbuzi aliyezaliwa jana. Na nilipotaka kusimamisha, mguu ulifika juu ya mpira, lakini ulichelewa. Sekunde moja tu. Zamani, kabla sijafikiri mguu ulikuwa umeshafika. Sasa ninafikiri kwanza, ninakanyaga nyuma.

Njia pia ilibadilika. Zamani tuliogopa magari, na gari unalisikia likiwa mbali. Sasa kuna pikipiki kila upande, na motari anakukata mbele bila kuangalia, juu kwake wewe ni kitu kinachochelewesha. Bei pia imebadilika, juu pikipiki inabeba magunia mawili haraka, na mteja mwenye haraka hakungojei.

Vijana wa chukudu walinicheka, lakini walinisaidia. Kijana mmoja, ningeweza kumzaa, aliniambia: «Muzee, anza na maji. Acha mulima.» Nilimsikia kwa muda wa wiki mbili. Nilibeba mabidon kutoka ziwani mpaka mtaani, kazi ya polepole, fasi ya sawasawa. Ule ushauri ulikuwa mzuri. Ningeufuata miezi mitatu, leo nisingekuwa na hotuba ya kuwapa.

Lakini mkopo ulikuwa na tarehe. Dolari 10 kila mwezi, na mwezi wa kwanza unahesabiwa tangu siku ya kupokea pesa. Maji hayaleti dolari 10 nyuma ya chakula. Wiki ya tatu nikapanda Kibumba. Wiki ya nne nikashuka na mzigo kamili. Miezi ikapita hivyo, nikalipa vizuri, sekretari akaniandika katika raporo kama mfano. Mimi mwenyewe nilijua ninashuka na woga. Kila siku nilipofika Virunga mikono ilikuwa imekaza juu ya usukani, nilikuwa ninaifungua kidole kwa kidole.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2019, mvua ilinyesha asubuhi. Nilikuwa na mashu karibu ya dolari 40. Tulipokuwa tunakaribia Kibati, motari akaingia mbele yangu kupakia mtu. Nilikanyaga mpira. Mpira ukiwa na maji unateleza, na wangu ulikuwa umekwisha, nilikuwa ninangojea Jumamosi nibadilishe. Chukudu haikusimama.

Sasa sikilizeni vizuri. Kila mtu wa chukudu anajua cha kufanya hapo. Mjomba wangu alinifundisha hata mbele ya kunifundisha kusukuma: ukiona haisimami, geuza usukani upande wa mlima, ruka, achilia. Mti utavunjika, mashu yatamwagika, wewe utabaki. Ni kile kile vijana wa Kitintale walikuwa wanamfundisha yule mwenye ndevu. Ubao unaenda njia yake, wewe unaenda yako.

Mimi nilijua, na sikuachilia. Nilikuwa na nafasi ya kuruka, niliiona. Kichwa kilisema ruka. Nikafikiria ile dolari 40, nikafikiria kitabu cha sekretari, nikafikiria kila mtu atasema huyu aliyetoka Uganda amekula pesa za chama. Nikashika. Nilitaka kuisimamisha na mwili wangu. Kilo 300 hazisimami na mwili wa mtu. Ziliniburuta mpaka kwenye makoro, nikavunjika mkono wa kushoto hapa karibu na kiganja, na mbavu mbili. Mashu yalibiringika njiani. Watu wengine walinikusanyia, wengine walikusanya wakaenda nayo nyumbani kwao. Motari hakusimama.

Nilitibiwa. Komite ilipouliza, nilisema nilianguka nyumbani wakati wa kuvunja mawe. Huo ulikuwa uongo. Niliogopa kwamba mkisikia mzigo umepotea mtasema mimi ni mwanachama mbaya, na wale wote wanaongojea mkopo nyuma yangu watanyimwa juu yangu. Nikaendelea kulipa dolari 10 kila mwezi, kwa tarehe. Mwenyekiti, ulinipongeza mbele ya watu. Unajua ile pesa ilitoka wapi? Ilikuwa ya shule ya binti yangu. Alikuwa sekondari, na sekondari bado tunalipa. Mwezi wa kwanza mwaka 2020 hakurudi shuleni. Mwezi wa tatu masomo yakafungwa inchi nzima juu ya Covid, watoto wote wakabaki nyumbani, na majirani wakasahau kuuliza kwa nini wangu alianza mbele ya wengine. Mimi nilifurahi kwamba wamesahau. Hilo njo linaniumiza mpaka leo, kupita mkono.

Mwaka huu, usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano, munajua wote tulipokuwa. Mbingu ilikuwa nyekundu juu ya Nyiragongo na kila mtu wa upande wa Majengo alikuwa anakimbia. Wengine walienda Rwanda, wengine Sake. Mkono wangu ulikuwa umeshapona lakini hauna nguvu. Mama mkwe hawezi kutembea mbali. Tulimfunga juu ya chukudu na magodoro mawili, mimi nikashika usukani, binti yangu akawa nyuma kukanyaga mpira na kuvuta kamba kwenye mtelemko. Tulienda hivyo usiku mzima, njia ya Sake, katikati ya watu, mbuzi, magari, watoto wanaolia. Sikuwahi kuongoza chukudu polepole hivyo maisha yangu yote.

Karibu na Mugunga tulipumzika. Binti aliniuliza: «Papa, kama chukudu ingekimbia na koko juu yake, ungeachilia?»

Nikasema hapana, mtu hawezi kumwachilia koko.

Akasema: «Koko, sawa. Lakini ile siku ilikuwa mashu.»

Kumbe alijua. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, juu alifua lile koti na akakuta majani ya mashu mfukoni. Hakusema kitu mwaka mmoja na nusu. Alikaa nyumbani akijua kwa nini. Mimi sikupata neno la kumjibu, nikafunga kamba tena, tukaendelea.

Njo sababu nimesimama hapa. Sikuja kuomba musamaha peke yake, hata kama ninauomba. Nilikuja juu nimewauliza wenzangu wa chukudu katika chama hiki, mmoja mmoja, bila kuandika majina. Siko peke yangu. Kuna mwingine aliyeuza mabati ya nyumba ili tarehe isipite. Kuna aliyekopa kwa mtu wa riba ili alipe sanduku letu lisilo na riba. Sisi tunasoma katika raporo kwamba watu wa chukudu wote wanalipa, na wageni wetu wanafurahi. Nyuma ya ile hesabu kuna mikono iliyovunjika.

Sanduku lenyewe ni zuri, ninalitetea. Sharti moja tu linatuumiza: mwenye mkopo analipa hasara yote, hata ya njiani, hata isiyo ya kosa lake. Sharti hili tuliliweka sisi wenyewe juu ya wezi, na ninaelewa. Lakini mtu anayeshuka mlima na sharti hili kichwani hataachilia. Atashika, na atavunjika. Na sisi tuliorudi, tulioacha hii kazi miaka kumi, njo tunaohitaji kujua kuachilia kupita wote.

Ninaomba mambo matatu.

La kwanza: mtu yeyote aliyeacha chukudu miaka mingi, apewe miezi mitatu mbele ya kuanza kulipa. Katika ile miezi abebe maji, abebe mizigo midogo mjini, asipande Kibumba. Na vijana wawili wa kazi wapewe kitu kidogo ili wamzoeze. Wamfundishe kuruka kwanza, bila mzigo, kwenye majani. Watu watacheka. Wacheke.

La pili: mzigo ukipotea njiani, mtu aje kusema katika siku tatu, na mashahidi wawili waliokuwa pale. Komite ikikubali, sanduku libebe nusu na mwenyewe nusu, na nusu yake agawanyiwe katika miezi. Wezi watajaribu, ndiyo. Lakini wenzetu wa njia wanajuana, na uongo wa njiani hauishi siku tatu. Uongo wangu uliishi juu hakuna aliyeuliza wenzangu.

La tatu: mpira wa freni. Ni kitu cha bei ndogo kupita vyote katika chukudu, na ndicho tunachokiahirisha. Kila Jumamosi asubuhi tukutane pale tunapotengeneza, mmoja aangalie chukudu ya mwingine, na sanduku linunue mipira mapema. Chukudu yenye mpira uliokwisha isipande mlima Jumatatu.

Kwa nyinyi wageni mnaotoa pesa, nina neno moja, na musilisikie vibaya. Mwaka unaokuja pengine raporo itaonyesha kwamba mizigo mitatu au minne imepotea na sanduku limebeba nusu. Musiogope. Ulizeni kama wale watu watatu au wanne bado wana mikono, na kama watoto wao wako shuleni. Mkiona raporo isiyo na hasara hata moja kwa watu wanaoshuka mlima na kilo 300, hapo ndipo mutuulize maulizo.

Mimi ninaendelea na kazi. Mara mbili kwa wiki ninapanda, ninashuka na nusu ya mzigo, ninachelewa, vijana wananipita na kunisalimia muzee. Mikono haikazi tena sana. Mwezi wa saba nilianguka mara moja, pale pale Kibati. Niliachilia. Nilibiringika na bega kama yule mwenye ndevu, nikakaa pembeni ya njia, nikaangalia karoti zangu zikishuka bila mimi. Zilikuwa za dolari 15, na ni pesa nyingi. Nilikusanya zilizobaki, nikasukuma mpaka Virunga, jioni nikamwambia bibi yangu yote mbele ya watoto.

Binti amerudi shuleni mwezi wa kumi. Amechelewa na darasa moja nyuma ya wenzake. Hilo sitaweza kumrudishia, na chama pia hakiwezi.

Sekretari, andika katika kitabu: mwezi wa kumi na moja 2019, mashu ya dolari 40, njia ya Kibati. Nililipa yote, siombi nirudishiwe kitu. Ninaomba tu iandikwe.

Sasa ninangojea maulizo.